DAKIKA ZA KULINGANISHA JILIWA NI KAZI, NAZO ZIHESABIWE

Leo twataka kusema juu ya jambo ambalo kwa mtu wa nje ni dogo, hata pengine atacheka: kulinganisha jiliwa juu ya meza ya mashini. Lakini jambo hili dogo limekwisha kula mishahara ya watu, na kwa sababu yake vijana wazuri wameitwa wavivu na waharibifu. Basi tumeona yafaa tuliandike wazi, ili tawi likikutana tuwe na neno moja.

Kwa wasiojua, mashini ya milingi si kama kerezo. Kwenye kerezo chuma kinachochongwa ndicho kizungukacho na kisu kimetulia. Kwenye milingi ni kinyume: kisu ndicho kizungukacho, nacho kina meno pande zote kama msumeno wa duara, na chuma kimelala juu ya meza, na meza ndiyo itembeayo kwenda na kurudi. Chuma hicho hakishikwi kwa mkono, bali hubanwa ndani ya jiliwa, ambalo wengine wetu huliita vaisi. Jiliwa lina mataya mawili. Moja halitembei kabisa. La pili husukumwa na skrubu. Na jiliwa lenyewe hufungwa juu ya meza kwa bolti, vichwa vya bolti vikiwa vimeingia ndani ya mifereji ya meza.

Sasa, lile taya lisilotembea lisipokuwa sambamba na mwendo wa meza, kila kitu kitakachobanwa humo kitachongwa upande. Kisu kinaweza kuwa kipya, mashini ikawa nzima, na fundi akawa na mikono mizuri, na bado kazi ikawa imekwisha kuharibika kabla umeme haujawashwa.

Tuseme taya lina urefu wa milimita 150, nalo limekaa upande kwa sehemu 10 za mia za milimita kutoka mwisho mmoja hata mwisho wa pili. Hicho ni kiasi kama unene wa unywele. Ukichonga kitu cha milimita 300, kosa hilo limekuwa sehemu 20. Chukua shafti inayotaka mfereji wa kii. Mfereji ukiwa na urefu wa milimita 120, utakuwa umekwenda upande kwa sehemu 8 za mia. Sasa tazama kipimo kinachotakiwa: kwa kii yenye upana wa milimita 12, vipimo vya kawaida vya kimataifa, vile vya daraja la 9, huruhusu upana wa mfereji kutofautiana kwa sehemu 43 za elfu za milimita tu, yaani sehemu 4 za mia na kitu kidogo. Kosa letu la unywele ni karibu mara mbili ya nafasi yote tuliyopewa.

Na mfereji wa namna hiyo haupigi kelele. Ukiutazama kwa macho ni mzuri, unang'aa. Taabu inaanza kwa mwenzetu wa kuunga, ambaye huona kii haiingii, akaitia tupa upande mmoja, kisha akaipiga nyundo mpaka ikaingia. Sasa kii imekalia pembe mbili badala ya kukaa ubavu wote. Shafti ikianza kuzunguka na kubeba mzigo, kii hulegea kidogo kidogo, mfereji hupanuka, na siku moja gia au puli inazunguka peke yake na shafti inabaki nyuma. Watu huandika, “Kii imekwisha.” Hakuna aandikaye kwamba miezi mingi nyuma jiliwa halikulinganishwa.

Sisi tulio reli tuna sababu kubwa zaidi ya kuliangalia jambo hili. Kipuri cha gari kuukuu hakipatikani dukani kila siku. Reli ya zamani, ile yenye upana wa mita moja iliyotoka Mombasa mwaka 1896 na kufika Kisumu mwaka 1901, bado ina magari yanayotaka vitu vya kuchongwa na mkono wa fundi, hata baada ya reli mpya ya upana wa milimita 1,435 kufunguliwa kati ya Mombasa na Nairobi mwaka 2017. Tukiharibu chuma kimoja, mara nyingine kingine kama hicho hakipo stoo, na gari linakaa.

Basi kazi yenyewe hufanywaje? Tutaieleza kwa urefu, maana watu wengi wanaotupa hesabu ya dakika hawajaiona ikifanywa.

Kwanza ni usafi. Meza hufutwa, na mifereji yake hutolewa maranda ya chuma kwa brashi na ndoano, si kwa kidole. Kisha jiliwa hugeuzwa, na tumbo lake hufutwa. Baada ya tambara ni kiganja. Pitisha kiganja polepole juu ya meza na juu ya tumbo la jiliwa, na utasikia mahali palipovimba, pale pengine mtu aliangusha spana miaka mitano iliyopita. Uvimbe huo husuguliwa kwa kinoo laini chenye mafuta, kwa mkono mwepesi, mpaka usisikike. Usitie tupa. Tumeona watu wakitia tupa juu ya meza ya mashini, na hilo ni kama kumkwangua mtu jicho ili kumtoa vumbi. Randa moja tu la chuma likibaki chini ya jiliwa, upande mmoja umeinuka, na hapo hata ukilinganisha mataya vizuri, kazi yako itakuwa nene huku na nyembamba kule.

Kisha ni kuliinua jiliwa na kuliweka. Jiliwa kubwa lenye kitako cha kuzunguka ni mzigo wa watu wawili, na meza iko kimo cha kiuno, na mifereji ina makali. Mtu mmoja akiambiwa alibebe peke yake ati kwa kuwa mwenzake ana kazi nyingine, mgongo wake ndio unaolipa. Hili twalisema kwa nguvu kwa sababu tunawajua waliolipa.

Chini ya majiliwa mengi kuna ndimi mbili za chuma zinazoingia katika mfereji wa meza, ili jiliwa likae sawa lenyewe. Likiwa jipya, na ndimi zikiwa zinabana, hiyo ni msaada mzuri. Lakini jiliwa lililofanya kazi miaka ishirini ndimi zake zimelika, na mfereji umepanuka, na mtu anayeziamini ndimi hizo anauamini mlango usio na komeo.

Sasa geji. Tunasema juu ya ile geji ndogo yenye uso kama wa saa, na mshale, na kidole kinachoingia ndani na kutoka. Katika geji zetu nyingi, alama moja ni sehemu moja ya mia ya milimita, na mshale ukizunguka mara moja ni milimita nzima. Geji hufungwa mahali pasipotembea pamoja na meza: kwenye spindeli yenyewe, au kwenye mkono wa juu wa mashini, au kwenye mwili wa mashini kwa kiti cha sumaku. Ukiifunga juu ya meza itasafiri pamoja na jiliwa, na mshale hautakuambia kitu. Umeme uzimwe, na kama geji iko kwenye spindeli, spindeli ifungwe isizunguke. Kisu kitolewe, au angalau kifunikwe kwa tambara nene, maana mkono unaosukuma jiliwa uko karibu na meno yake.

Kidole cha geji huwekwa juu ya taya lisilotembea. Hapa vijana wengi huuliza: kwa nini si lile jingine? Kwa sababu lile linalotembea lina nafasi katika njia zake. Likibana huinuka kidogo na kuinama kidogo. Haliwezi kuwa shahidi. Taya lisilotembea ndilo tunaloliegemea siku zote, na kazi yenyewe huegemea hilo.

Bolti moja hukazwa nusu, na ya pili huachwa ikiwa imegusa tu. Hiyo iliyokazwa nusu ndiyo bawaba. Jiliwa litazunguka hapo. Sukuma geji mpaka mshale uzunguke kama nusu ya uso, uweke sifuri upande wa bawaba, kisha itembeze meza polepole kwa mkono mpaka mwisho wa pili wa taya. Ukiona mshale umehama alama 12, usirukie spana. Chukua nyundo ya shaba, au ya ngozi, au ya plastiki ngumu, ugonge jiliwa pole pole upande ule wa mbali, na macho yawe juu ya mshale. Rudi mwanzo, utaona sifuri nayo imehama kidogo. Iweke tena. Nenda tena. Mara ya pili utaona alama 3, mara ya tatu hakuna. Kama jiliwa linazunguka katikati, basi hugongwa kwa nusu tu ya kosa, kwa kuwa upande mmoja ukienda mbele wa pili unarudi nyuma.

Halafu ndipo linapokuja jambo ambalo ndilo huwaponza wenye haraka. Kaza bolti zote, kidogo hii, kidogo ile, mpaka ziwe ngumu. Kisha pima tena. Bolti ikikazwa huvuta jiliwa, na mara nyingi mshale uliokuwa sifuri umekwisha kuhama alama 2 au 4. Fundi asiyepima baada ya kukaza ni kama mtu aliyehesabu fedha zake kabla ya kupanda basi, akashuka bila kutia mkono mfukoni.

Bado hatujamaliza. Kazi inayobanwa huwekwa juu ya vipande viwili vya chuma vyenye kimo kimoja. Baada ya kubana, gonga kazi kwa nyundo laini, kisha jaribu kuvuta vipande hivyo kwa kidole, au weka ukanda mwembamba wa karatasi chini ya kila pembe. Karatasi ikitoka, kazi imeinuka. Na chuma ambacho ubavu wake mmoja haujachongwa, ukiubana hivi hivi taya linalotembea litausukuma upande. Weka kipande cha chuma cha mviringo kati ya taya hilo na kazi, nayo italala vizuri juu ya taya lisilotembea. Hayo wazee wetu waliyajua kabla yetu.

Mtu aliyezoea, mwenye geji mkononi na meza safi, hulimaliza jambo hili kwa dakika 10 au 15. Akikuta jiliwa chafu na uvimbe juu ya meza, ni nusu saa. Hiyo si siku nzima. Lakini tazameni kadi ya kazi. Imeandikwa, tuseme, shafti 6, kila moja dakika 20, jumla saa 2. Dakika 15 za jiliwa ziko wapi? Hazimo. Aliyeandika kadi amehesabu kisu kikiwa kinakata, basi. Kwake yeye kazi inaanza pale maranda yanapoanza kuruka.

Kwa hivyo fundi ana njia tatu. Atazitoa dakika hizo katika chai yake. Au atachelewa, na jina lake liandikwe kwamba ni mzito. Au ataacha kupima, amwombe Mungu. Twajua wengi huchukua njia ya tatu, na hatuwalaumu sana, maana mara tisa jiliwa liko sawa au karibu sawa, na mara ya kumi ndiyo inayokuja na barua.

Kabla ya kuingia reli, baadhi yetu tulifanya kazi katika karakana moja ya watu binafsi ambayo hatutaitaja jina. Humo kulikuwa na kijana mmoja, msikivu, aliyekuja kazini asubuhi akapewa vipande 12 avichonge kabla ya chakula cha mchana. Watu wa usiku walikuwa wamelitumia jiliwa lile kwa kazi nzito na kulipiga nyundo kubwa, wala hawakusema. Geji ilikuwemo katika kabati la foromani, na foromani alikuwa na ufunguo, na alikwenda mjini. Kijana aliuliza angoje? Nyapara akamjibu kwamba mashini haikununuliwa ili itazamwe. Akachonga. Vipande vyote 12 vilitoka vimekwenda upande. Mchana geji ikatolewa kabatini, jiliwa likapimwa mbele ya watu, na mshale ukahama alama 30. Hapo kila mtu aliona kosa lilikuwa wapi. Hata hivyo bei ya chuma ilikatwa katika mshahara wa kijana kwa miezi miwili, na watu wa usiku hawakuulizwa, na nyapara hakuulizwa. Hakukuwa na chama humo.

Ndugu, someni Sheria ya Ajira ya mwaka 2007. Kifungu cha 19 kinamruhusu mwajiri kukata katika mshahara kiasi kinachofaa kwa mali yake iliyoharibika au kupotea, lakini kinasema uharibifu huo uwe umetokana na kosa la kusudi la mfanya kazi. Neno kusudi ndilo lenye uzito. Mtu aliyeomba geji akanyimwa, akaambiwa akate, hakuharibu kwa kusudi. Kifungu hicho hicho kinasema pia kwamba makato yote kwa jumla yasipite theluthi mbili za mshahara. Na kifungu cha 41 kinasema mwajiri akitaka kumwachisha mtu kwa sababu ya utovu wa adabu au kazi mbovu, lazima kwanza amweleze sababu kwa lugha anayoielewa, na mfanya kazi ana haki ya kuwa na mwenzake au mwakilishi wa chama hapo karakanani wakati anapoelezwa. Kijana yule hakujua hata moja katika haya. Wala sisi wakati ule hatukujua.

Wengi wetu tulisoma shule za misheni, na twakumbuka habari ya nabii Amosi aliyeonyeshwa timazi ukutani. Timazi haiulizi ukuta ni wa nani. Geji nayo ni vivyo hivyo: haimjui foromani wala spanaboi, haimpendi wa mchana wala haimchukii wa usiku. Alama 30 ni alama 30. Ndiyo maana twasema geji ni shahidi wetu kabla haijawa chombo cha mwajiri. Fundi akipima asubuhi, akaandika katika kadi yake, “Jiliwa limekutwa alama 30, limelinganishwa, sasa 0,” basi barua ikija ina jibu. Asiyeandika ana maneno ya mdomo tu.

Sasa tugeuke tujitazame na sisi wenyewe, maana si haki kulaumu upande mmoja. Kuna mafundi kati yetu ambao wakifika kwenye kulinganisha humtuma mwanagenzi akalete mafuta. Akirudi, jiliwa limekazwa, geji iko sandukuni. Mwaka mzima kijana amefuta meza na kufagia maranda, na hajaona mshale ukirudi sifuri hata mara moja. Fundi anaona akiitoa siri hiyo atafukuzwa na nafasi yake apewe kijana kwa mshahara mdogo.

Tabia hii ina mizizi. Katika zama za ukoloni vyeo na mishahara ya reli vilipangwa kwa rangi ya mtu: Mzungu juu, Mhindi katikati, Mwafrika chini. Wazee waliostaafu walituhadithia jinsi Mwafrika alivyoachiwa kufuta mashini na kubeba jiliwa, na mwingine akaja kulinganisha akiwa ametupa mgongo. Waliojifunza walijifunza kwa kuchungulia. Uhuru ulikuja mwaka 1963, lakini ule mgongo haukugeuka wote. Sasa ni Mwafrika anayemgeuzia mgongo Mwafrika mwenzake, na wote wawili wana kadi ya chama kimoja.

Hofu ya mshahara twaielewa. Lakini tazameni inavyokwenda: asiyejua kulinganisha ndiye anayeharibu, na anapoharibu mwajiri husema mafundi wa hapa hawafai, heri kazi ipelekwe nje kwa mkandarasi. Kazi ikitoka nje, fundi mwenye siri hutoka pamoja na mwanagenzi asiye na siri. Mficha uchi hazai. Kama ni mshahara, na tuudai pamoja mezani, daraja kwa daraja, lakini tusiulinde kwa kumficha kijana mshale wa geji.

Wako watakaosema mambo haya yamepitwa na wakati, ati siku hizi kuna mashini zinazoendeshwa na kompyuta. Tumeziona. Ni nzuri, na zinakata kwa upesi wa kutisha. Lakini jiliwa juu ya meza zake limewekwa na mtu, na bolti zake zimekazwa na mtu, na kama limekaa upande na hakuna aliyepima wala kuiambia mashini, itakata upande kwa uhodari mkubwa, vipande mia bila kuchoka. Wengine husema fundi wa kweli hulinganisha kwa jicho. Kwa kazi isiyotaka kipimo, guni ikiegemezwa kwenye uso laini wa mwili wa mashini na kwenye taya yatosha, nasi twafanya hivyo, na si aibu. Lakini jicho halioni alama 10, na anayesema lake laona alama 10 apewe geji tumtazame.

Basi tungetaka tawi lichukue haya kwa waajiri. Kadi ya kazi iwe na mstari wake wa kulinganisha, na dakika zake ziandikwe, robo saa kwa kazi ya kipimo, na zaidi jiliwa likihamishwa kutoka mashini nyingine. Mtu asikatwe mshahara kwa kazi iliyokwenda upande mpaka jiliwa limepimwa mbele ya mwakilishi wa chama, siku ile ile, kabla halijaguswa. Jiliwa zito liinuliwe na watu wawili au kwa winchi. Na zamu ya usiku inapompokeza wa mchana, pawe na ubao mdogo kando ya mashini, chaki ikining'inia, kila aliyegusa jiliwa aandike tarehe na alama alizoziacha. Ubao wa shilingi chache ungemwokoa kijana yule miezi miwili ya mshahara. Hili la ubao, kwa kweli, halimngoji mwajiri. Twaweza kulianza Jumatatu.

Geji ni neno la mwisho, na juu yake tumebishana sana wenyewe kwa wenyewe. Wengine wanataka kila fundi apewe yake. Sisi twaona hilo litachukua miaka, na geji ikianguka chini mara moja imekwisha, mshale wake utakuambia uongo. Heri kila chumba cha mashini kiwe na geji moja na kiti chake cha sumaku, katika sanduku lililotandikwa kitambaa, na ufunguo uwe na watu wawili, foromani na mwakilishi wa chama, ili mmoja akienda mjini mwingine yupo. Mwenye kuitoa atie sahihi, mwenye kuirudisha atie sahihi. Kama kuna aliye na njia bora kuliko hii, alete kwenye mkutano wa tawi.

Mpaka hapo, mwanagenzi yeyote, au kibarua, anayetaka kuona mshale ukirudi sifuri, tuko karakanani kila Jumamosi kazi inapokwisha saa sita mchana. Geji tutaazima. Aje na tambara lake.